MREJESHO: matusi kwenye timu yetu ya vijana hapa Malindi

Wadau shukran sana. Niliuliza tufanyeje na kochi wetu anaetukana watoto uwanjani, na wazee wa pembeni wanaomporomoshea refa matusi. Yule alosema tusimvamie kochi mbele ya watu alinena, tulimwita kando baada ya alasiri tukamkumbusha kwamba tangu 2019 sheria inaruhusu refa kumpa kadi hata kochi, ya njano au nyekundu, akacheka akidhani twamtania, mechi iliyofuata na vijana wa Barani akala ya njano kweli 😂 toka hapo kapoa, mtoto akipoteza mpira anamwambia "haya rudi ukabe" basi.

Ile ya nahodha peke yake kuongea na refa nayo imeshika. Kamba ya kuwatenga mashabiki ndo imegoma, tulifunga ile ya nailoni ya wavuvi, mapumziko yakifika washaikalia, na mzee mmoja kamtoa kijana wake eti tunawadekeza. Mtoto akirudi nafasi yake ipo. Alosema tuwatoze wazazi faini, samahani bwana, hiyo hatukuijaribu, watu wenyewe nauli ya tuktuk tu ni kazi.