Tupeane uzoefu: buibui wakubwa wanaotanda bustanini na barazani

Wakuu, heshima kwenu. Huku Tanga masika yakiishia, ukipita kati ya mti na mti asubuhi unakuta utando umekinga njia, na katikati amekaa buibui mkubwa mweusi mwenye manjano, miguu mirefu, kichwa chini. Majirani wengi wakimwona tu wanakimbilia fagio au dawa ya kupuliza. Mimi namwacha, na ningependa wengi zaidi wamwache. Kwenu yupo? Mnaishi naye vipi? Amewahi kumdhuru mtu?

Mkulima, Muheza
Kwenye michungwa yangu wamejaa. Jua likipiga, nyuzi zao ni za rangi ya dhahabu kabisa, tena ngumu, ukizipita unazisikia zikikatika. Niliwahi kukuta ndege mdogo kanasa, nikamtoa. Wachumaji wangu hutangulia na fimbo, lakini tumekubaliana hauawi: wanamhamishia mti wa pili pamoja na nyuzi zake, anatanda upya. Yule mkubwa ni jike. Tazama vizuri pembeni yake utaona vibuibui vya kahawia, ukimwambia mtu kwamba ndiyo madume haamini. Na wale wadogo wanaong'aa rangi ya fedha si watoto wake. Ni aina nyingine kabisa, wanadoea vinavyonasa kwenye utando wa mwenzao.

Wa Unguja
Kwetu wanatanda hadi kwenye nyaya za umeme. Bibi yangu hakuruhusu buibui auawe, kwa kisa cha pango la Thaur, buibui alipotanda mlangoni Mtume (S.A.W.) na Abubakar wakiwa wamejificha maadui ndani. Utando wa ndani ya nyumba unafagiwa, mwenyewe anaachwa aende zake. Wanangu nao wamelishika hilo.

Muuguzi, Moshi
Swali la kudhuru, acha nilijibu mimi. Watu wanakuja na malengelenge shingoni au usoni, wanasema wamekojolewa na buibui usiku. Buibui hawakojolei watu jamani! Mara nyingi ni kale kadudu kembamba, kekundu na keusi, ambako jirani zetu wanakaita Nairobi fly. Mvua za El Niño za 1997–98 zilikaleta kwa wingi sana Kenya. Hakaumi, ukikaponda kwenye ngozi ndipo sumu yake inachoma, na kwa kuwa alama haitokei palepale, mtu anaamka asubuhi anamlaumu buibui wa darini. Kakitua mkononi, kapulize, usikapige, kisha osha kwa sabuni na maji. Malengelenge yakijipanga upande mmoja wa mwili na maumivu makali, huo huenda ni mkanda wa jeshi: wahi hospitali, dawa zake hufanya kazi vizuri zikianzwa mapema. Buibui wenu wa bustanini akibanwa anaweza kung'ata, panauma kwa muda, lakini sumu yake si ya kuogopwa na binadamu.

Wa Kigamboni
Wangu ni wa kahawia, wa usiku. Jua likizama anatanda karibu na taa ya baraza, na kabla hakujapambazuka ameula utando wote. Ukiamka huoni kitu. Kaeni mumtazame siku moja. Anaanza na nyuzi zinazotoka katikati kwenda pembeni, hizo hazinati, halafu anazungusha za kunata. Asubuhi chini ni mabawa ya nondo na kumbikumbi matupu.

Mwanzisha mada
Asanteni sana, hasa muuguzi. Nimwongezee mkulima: hizo nyuzi za dhahabu zimeshafumwa nguo. Madagaska walikusanya majike zaidi ya milioni 1 wa jamii hiyo, wakawavuta nyuzi na kuwarudisha porini, likapatikana joho la manjano ambalo halikutiwa rangi yoyote. Lilionyeshwa kwenye makumbusho ya Victoria and Albert, London, mwaka 2012.

Kama amekinga mlango, ondoa utando kila anapoutanda, siku kadhaa mfululizo. Atahama mwenyewe, dawa ya nini? Wa Mtwara na Bukoba bado hatujawasikia.