Ligi ya watoto Januari hadi Novemba: tunawajenga au tunawachosha?

Mama wa Barani: Ligi ya chini ya miaka 15 hapa Malindi imepangwa Januari hadi Novemba. Muhula wa pili kuna kandanda ya shule, likizo kuna mashindano ya mtaa. Mwanangu ana miaka 13. Juzi nimemkuta amelala saa kumi jioni, viatu vya mpira miguuni. Kumwamsha, akasema, "Mama, leo waambie naumwa." Mtoto aliyekuwa akilala na mpira! Hawawezi kupewa hata miezi miwili wapumzike?

Kocha wa Alaskan: Nafundisha bure mwaka wa tisa huu. Mtoto ukimwachia likizo nzima, barazani atafundishwa mengine, muguka, majani ya kutafuna yanayolevya, uko kila kona. Na nyinyi mnawalisha viazi karai, nguvu itoke wapi?

Muuza viazi, Maweni: Hapo umenigusa, Kocha. Nakaanga tangu alfajiri, ukwaju naukamua kwa mikono hii. Viazi hivyo ndivyo vilivyonunua viatu vya wanangu wawili, na wote wako kwako. Usinitukanie kazi.

Kocha wa Alaskan: Dada, sijatukana mtu. Nasema lishe.

Mjukuu wa Nahodha: Marekani mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo walikufa wakijitoa jasho kupunguza uzito, ndipo kanuni zikabadilishwa. Madaktari wa watoto wa huko wanashauri siku moja au mbili za kupumzika kila wiki, na jumla ya miezi miwili mitatu kwa mwaka mbali na mchezo huo.

Kocha wa Alaskan: Mieleka na kandanda wapi na wapi? Wale walijinyima chakula.

Muuza viazi, Maweni: Basi waliojinyima wamekufa, na wanaokula viazi vyangu ndio wenye makosa?

Muuguzi: Jamani, mrudieni mtoto. Naletewa wa miaka 12, 13, uvimbe chini kidogo ya kilegesambwa cha goti, ukibonyeza anaruka. Mfupa bado unakua na msuli unauvuta kila siku. Dawa kubwa ni kupunguza mazoezi. Mzazi ananiuliza, "Atawahi mechi ya Jumamosi?"

Mjukuu wa Nahodha: Kwetu Lamu upepo wa kusi ukichacha jahazi lilipandishwa pwani, likakwanguliwa, likapakwa deheni ya kuzuia maji. Hakuna aliyemwita nahodha mvivu.

Kocha wa Alaskan: Jahazi halitafuni muguka, ndugu yangu! Desemba nilipoteza vijana wawili, mpira wameacha na shule wameacha. Nyinyi hamkwenda kuwagongea mlango, nilikwenda mimi.

Kijana wa Muyeye: Muguka si kaunti iliupiga marufuku 2024, mahakama ikasimamisha? Mlaumuni anayeuza, si likizo.

Muuza viazi, Maweni: Na anayeuza viazi naye mwacheni.

Mama wa Barani: Kocha, Jumamosi mwanangu haji. Jezi nitaituma kwa jirani.

Kocha wa Alaskan: Jezi mwachie.