Mama ana demensia na hatuelewani: ni lini aondolewe nyumbani kwake?

Binti wa Marangu ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mama yetu ni mjane wa miaka 78 anayeishi kwenye kihamba chetu (shamba la ukoo lenye nyumba) huko Marangu pamoja na dada wa kazi. Mwaka jana madaktari wa Moshi walimpima kumbukumbu, wakatuambia kwamba ana demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili, na kwamba kwa dalili zake huenda ni ile aina iitwayo Alzeima. Wakati huo alikuwa akisahau majina ya wajukuu na kurudia swali lile lile, mambo ambayo tuliweza kuyavumilia. Mwaka huu hali imekuwa nyingine. Ameacha jiko la gesi likiwaka chini ya sufuria tupu, ametoka nje saa tisa usiku akisema anawahi soko la Mwika, na anamshutumu dada kwamba anamwibia vitenge, kiasi kwamba dada wa kwanza aliondoka na huyu wa sasa ameanza kuaga.

Tumezaliwa watatu. Kaka yuko Minnesota na anasisitiza kwamba mama apelekwe kwenye makao maalumu ya wagonjwa wa namna hii, kama yale anayoyaona huko, naye yuko tayari kulipa. Mdogo wangu wa Arusha anataka mama ahamie kwangu Dar es Salaam, ingawa anajua kwamba mimi na mume wangu tunatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi giza limeshaingia. Shangazi yetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, amesema wazi kwamba kumpeleka mama kwa watu baki ilhali watoto wake wako hai ni kumtupa. Naomba wenye uzoefu mnieleze ni dalili zipi zinazoonyesha kwamba mzee hawezi tena kubaki kwake, na kama makao anayoyasema kaka yanapatikana hapa kwetu.

Muuguzi Mstaafu (Moshi) amejibu:

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo huo. Kabla ya kuamua mama ataishi wapi, hakikisheni kwanza kwamba yote mnayoyaona mwaka huu yanatokana na demensia. Alzeima huteremka taratibu, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa na nafuu Jumapili kisha akachanganyikiwa vibaya kufikia Alhamisi ana jambo jingine lililoongezeka juu ya ugonjwa wake, na mara nyingi jambo hilo ni maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria au upungufu wa maji mwilini. Aliyeanguka na kugonga kichwa, hata kama hakulalamika siku hiyo, anaweza kuvuja damu polepole juu ya ubongo na kuonekana amezidiwa na usahaulifu wiki kadhaa baadaye. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea na sonona pia hupunguza kumbukumbu, na yote matatu yana tiba. Kagueni vilevile mfuko wake wa dawa, kwa sababu dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama Piriton, ambazo maduka ya dawa huziuza bila maswali mengi, huwachanganya wazee wenye demensia kuliko watu wanavyodhani.

Mkishayaondoa hayo, msipime hali yake kwa majina ya wajukuu. Wahudumu wa afya wamekuwa wakitumia tangu 1963 orodha fupi ya mambo sita: je, mzee anaweza kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kwenye kiti, kuzuia haja zake, na kula bila kusaidiwa? Anayeshindwa kuhesabu fedha, kupika na kupanga vidonge vyake, lakini mambo hayo sita bado anayamudu, anahitaji mtu wa kumwangalia na si lazima ahame. Anayeshindwa matatu au manne kati ya hayo anahitaji mikono ya mtu saa zote, na hapo nyumba yenye msaidizi mmoja haitoshi, hata msaidizi huyo awe mwema namna gani. Kwa mama yako kinachonitisha zaidi ni hizo safari za usiku, maana wagonjwa wengi wa demensia huanza kuhangaika jua linapokaribia kuzama, na baridi ya Marangu pamoja na mabonde na mifereji yake si mahali pa mzee kutangatanga gizani.

Kuhusu vitenge, mwelezeni dada kwamba huenda mama huvificha mwenyewe, akasahau alikovificha, kisha akili yake ikatafuta mwizi. Kubishana naye hakusaidii. Amsaidie kutafuta, huku akimzungumzisha jambo jingine.

Wala msidhani kwamba jambo hili limewapata ninyi peke yenu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, hapo jirani, ulikuta kwamba takribani asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi wana demensia, na wengi wao hawakuwa wamewahi kupimwa na daktari yeyote.

Mtunza Wazee (Minneapolis) amejibu:

Nafanya zamu za usiku katika jengo la wenye demensia, kazi ambayo watu wengi wa Afrika Mashariki walioko huku wanaifanya, kwa hiyo naomba nieleze kile ambacho kaka yako huenda anakiona kwa nje tu. Marekani kuna makazi ya usaidizi, ambako mzee ana chumba chake na husaidiwa kuoga, kuvaa na kumeza dawa. Kuna makao ya wenye matatizo ya kumbukumbu, ambako huduma ni hizo hizo lakini milango hufunguliwa kwa namba za siri, wafanyakazi wamefundishwa ugonjwa wenyewe, na usiku kuna watu wasiolala. Kisha kuna makao ya uuguzi, kwa wanaohitaji muuguzi muda wote. Mwaka 2024 bei ya kati ya makazi ya usaidizi ilikuwa karibu dola 5,900 kwa mwezi, na makao ya kumbukumbu kwa kawaida huzidi hapo. Medicare, bima ya wazee ya serikali, hailipii gharama za kuishi huko. Medicaid husaidia wenye kipato kidogo kwa masharti ya kila jimbo, lakini mgeni mwenye kibali cha ukaazi kwa kawaida husubiri miaka mitano kabla ya kustahili.

Nasema haya kwa sababu wapo ndugu wanaofikia wazo la kumhamishia mzee huku moja kwa moja, na ningependa mlikatae mapema. Mgonjwa wa demensia mara nyingi hupoteza kwanza lugha alizojifunza ukubwani na kubaki na ile ya utotoni. Mama yako atafika siku ambapo hata Kiswahili kitampiga chenga, abaki na Kichaga cha Marangu, na katika jengo ninalofanyia kazi hakuna mtu atakayejua kama anaomba maji au anasema tumbo linamuuma.

Dalili ambazo huku hutufanya tuwaambie ndugu kwamba nyumbani hapatoshi tena hazihusu kumbukumbu peke yake. Tunauliza kama mgonjwa ameshatoka nje na kupotea, kama anaanguka mara kwa mara, kama anampiga anayemwogesha, kama anahitaji watu wawili kuinuliwa, na kama amepungua uzito kwa kusahau kula. Kaka akiendelea kutaka makao, mwulizeni yeye na wenye makao swali moja la ziada: mgonjwa asiyetulia hupewa nini? Tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba dawa zinazotumika kutibu ugonjwa mkali wa akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia. Mahali ambapo kila mzee amesinzia kwenye kiti saa nne asubuhi, ondokeni hapo.

Mkwe wa Tanga amejibu:

Nimesoma majibu haya kwa shukrani, lakini naona wote mmempima mgonjwa na hakuna aliyempima anayemtunza. Nilimtunza mama mkwe wangu mpaka alipofariki dunia. Mume wangu ni mtoto mwema, na asingeweza kumwogesha mama yake mzazi. Wifi zangu walikuwa wakipiga simu kila Ijumaa kuuliza hali. Nyumba inayoshindwa kumtunza mgonjwa haionekani kwanza kwa mgonjwa. Inaonekana kwa mtu anayeamka naye: amekonda, presha imepanda, ameanza kumfokea mzee kwa maneno ambayo zamani asingethubutu kuyatamka, au ameanza kumfungia chumbani ili apate saa mbili za usingizi. Siku mtakapomkuta mama amefungiwa kwa kufuli, swali lako litakuwa limeshajijibu, hata kama bado anajivalia mwenyewe. Nyumba ikishika moto hakuna atakayemfungulia.

Kwa hiyo, dada yangu, katika kikao cha ukoo mwenye sauti kubwa asiwe anayelipa wala mwenye umri mkubwa kuliko wote, bali yule ambaye usiku utamwangukia. Shangazi namheshimu sana, na ningemwomba kwa adabu zote akalale Marangu wiki mbili katika chumba cha mama kabla ya kikao hicho. Na kaka aulizwe kama fedha anayotaka kulipa makao itatosha kulipa wasaidizi wawili badala ya mmoja, wa mchana na wa usiku, wenye mishahara ya maana na siku ya mapumziko kila wiki. Kwa maoni yangu dada wa kazi anaaga kwa sababu hajalala, wala si kwa sababu ya vitenge.

Kuhusu makao ya hapa nchini, Serikali inayo makazi ya wazee, kama Njoro huko kwenu Kilimanjaro, Nunge kule Kigamboni na Kolandoto mkoani Shinyanga, lakini yamewekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeiweka familia kuwa mtunzaji wa kwanza. Mama yenu mwenye watoto watatu wenye kazi hakukusudiwa huko. Makao binafsi ni machache, na yanayojua demensia kwa undani ni machache zaidi. Mkipata moja, msilitembelee mchana mkiwa mmealikwa. Nendeni jioni bila taarifa, mkaangalie nani anabaki usiku na wazee ni wangapi kwa kila mtu mmoja aliye macho.

Kwetu mambo yaliyosaidia yalikuwa madogo. Mtungi wa gesi ulihamishiwa nje na kufungiwa. Kengele ndogo ilifungwa mlangoni. Balozi wa nyumba kumi, vijana wa bodaboda na muuza duka waliambiwa hali halisi bila aibu, na mama alivaa bangili yenye namba ya simu. Ratiba ya sala tuliishika bila kuivunja, kwa kuwa alisahau majina yetu sote na bado akajua kutawadha. Ninyi mna usharika, waombeni wenzake wa kanisani waje siku ile ile kila wiki.

Mdau wa Sheria (Dodoma) amejibu:

Naongeza jambo moja ambalo halijaguswa, nalo ni kihamba na akaunti ya benki. Ikiwa daktari anaona kwamba mama bado anaelewa anachotia saini, mwende kwa wakili mapema, mama mwenyewe aeleze anataka nani amsimamizie mambo yake. Mtambue hata hivyo kwamba mamlaka anayompa mtu kwa hati ya uwakili kwa kawaida hukoma mtoaji anapopoteza uwezo wa akili, na kuanzia hapo njia halali ni mahakama. Kumshika mkono mama aweke dole gumba kwenye karatasi asizozielewa kutawagombanisha ninyi watatu, na karatasi zenyewe zinaweza kubatilishwa.

Binti wa Marangu ameandika tena:

Nawashukuru wote. Nimezungumza na kaka kwa simu nikamsomea majibu haya, naye amekubali kulipa msaidizi wa pili wa usiku badala ya kutafuta makao sasa hivi. Shangazi amekubali kwenda Marangu, ingawa amesema ni wiki moja na si mbili. Dar es Salaam tumeiacha kwa sasa. Bado naomba kuelewa jambo moja: tutajuaje kwamba mpango huu nao umeshindwa, ili tusikae tukisubiri mpaka balaa litokee?

Muuguzi Mstaafu amejibu:

Andikeni sasa, wakati hamjagombana, mambo ambayo likitokea mojawapo mtakutana upya bila kulaumiana: akitoka usiku na kupotea licha ya kuwepo kwa msaidizi wa usiku, akianguka na kuvunjika, akianza kupiga, akishindwa kuinuka bila watu wawili, au msaidizi yeyote akisema amefika mwisho. Likitokea, mnaweza kuamua ahamie kwa mdogo wako Arusha, ambako si mbali na hali ya hewa haitakuwa ngeni kwake, au mtafute makao kwa utulivu. Kuhama kwenyewe humchanganya mgonjwa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo ahamishwe mara moja, aende na kitanda chake na blanketi zake, na asizungushwe kila baada ya miezi mitatu kwa mtoto mwingine ili tu mgawane zamu.

Mrudisheni hospitali mwezi huu kwa vipimo nilivyotaja. Mfike naye asubuhi akiwa amelala vizuri usiku wake, mbebe dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, hata za kienyeji, na dada wa kazi aingie chumba cha daktari pamoja nanyi, kwa sababu ndiye atakayeulizwa mama analala saa ngapi na anaamka mara ngapi.