Mrejesho: saa ya milimita 44 iliyokuwa ikinichubua mkono

Assalaam alaykum jamaa zangu. Niliuliza kwa nini saa yangu ya milimita 44, yaani upana wa uso wake, inanichubua kifundo cha mkono. Ahsanteni sana kwa majibu.

Nilianza kubadilisha mkanda, nikatia wa ngozi. Haukufaa: kutawadha kila siku na jasho la huku Unguja, wiki ya pili ukanuka.

Aliyenambia nipime kwa utepe wa fundi cherehani ndiye aliyeniokoa. Mzunguko wa mkono wangu ni sentimita 16, na ncha za saa, pale mkanda unaposhika, zilitokeza nje pande zote mbili. Nimepata ya milimita 38 sokoni Darajani, mkanda wa nailoni. Nikisujudu, kile kitufe cha pembeni hakinidungi tena. Ile kubwa bado naipenda. Naivaa harusini tu.