Unatupangia kambi mwisho wa reli, halafu unatuambia "TEMBEENI"?

Wakuu, salamu baadaye. Mikono inatetemeka hapa, mkiona herufi zimerukiana mjue ni hasira.

Yule bwana. Sina haja ya kumtaja, mnamjua. Kila uzi wa safari za Ulaya yumo, ukiuliza treni saa tisa usiku yeye saa tisa na dakika moja keshajibu, kama vile analala ndani ya behewa.

Nilimuuliza kwa adabu zote. Mama mkwe amekuja kutoka Tanga pamoja na wifi yangu. Mume wangu hana likizo, nikasema basi mimi niwatembeze kwenye ile pembe ya Ujerumani, Ufaransa na Uswisi kwa treni, mama akanyage nchi tatu. Magoti yanamsumbua, hawezi kuhamahama na mabegi. Kwa hiyo hoteli iwe moja, tunatoka asubuhi tunarudi jioni. Swali langu lilikuwa moja tu: tuweke kambi wapi?

Akajibu neno moja. Breisach. Kamji ka Ujerumani, ukingoni mwa mto Rhine.

Nikamwomba anifafanulie. Akasema, "Dada, fungua ramani. Freiburg huku Ujerumani, Colmar kule Ufaransa, katikati mto tu."

Mto TU! Mto Rhine! Mto ambao mataifa yameuana miaka na miaka kuugombania, yeye kwake ni kamfereji ka kuruka na kandambili!

Nikalipia hoteli usiku tano. Upande wa Freiburg sina neno, treni zipo, nusu saa hivi umefika. Jana tumekwenda, mama akafurahi. Leo ndiyo ilikuwa zamu ya Colmar, na Colmar ndiyo mama aliyoitaka kuliko zote. Mama ni mwalimu mstaafu. Sanamu ya Uhuru ya New York kawachorea watoto ubaoni miaka nenda rudi. Nilipomwambia aliyeitengeneza, Bartholdi, alizaliwa Colmar mwaka 1834 na nyumba aliyozaliwa ndiyo makumbusho yake leo, hakulala. Kavaa khanga mpya. Kapiga pasi usiku.

Tumefika stesheni ya Breisach asubuhi, Jumapili, maduka yote yamefungwa, baridi inauma hadi kwenye ukosi. Natafuta treni ya Colmar kwenye ubao. Hakuna. Nauliza mtu. Ananitazama kama nimeuliza treni ya Zanzibar. Reli inaishia pale! Treni inakuja kutoka Freiburg, inagota, inarudi ilikotoka. Kuna basi la kuvuka mto, lakini la kwetu lilikuwa limeshaondoka, na la kufuata ungelingoja hadi uote mvi. Nafungua programu ya simu, inanipangia nirudi Freiburg, nishuke hadi Basel kule Uswisi, nibadilishe, nipande tena hadi Colmar. Karibu masaa matatu! Na milima ya Ufaransa tunaiona kwa macho pale pale tuliposimama!

Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp, watu mia mbili na zaidi, wakubwa zetu wamo: "Tuko stesheni Breisach, hakuna treni ya kwenda Colmar, tufanyeje?"

Yule bwana akajibu:

"Daraja si lipo? Tembeeni."

Na vikatuni viwili vya nyayo.

TEMBEENI. Kilomita ishirini na ushee. Na mama mwenye magoti. Tembeeni! Hakusema pole. Hakusema nilikosea. Simu yangu ina maandishi makubwa, mama alikuwa begani kwangu, akayasoma kwa sauti ile ya darasani: "Tem-be-e-ni." Kisha akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni ndugu yenu?"

Sikuwa na jibu. Mpaka sasa sina. Mama kalala hapa, khanga kaikunja kairudisha kwenye begi, naye kaniambia tusimlaumu mtu. Mimi namlaumu. Tembeeni! Mtu mzima anaandika tembeeni!

—

Karanga za Moto: Nimekaa siti ya mbele. Endelea dada.

Kisogo: Hahahaaa "tembeeni" na nyayo juu. Yule jamaa hafai. Mwaka juzi alinipangia Basel. Uzi wangu mliufuta humu humu.

Mwana wa Pwani: Pole sana dada. Mpe mama shikamoo yangu. Hapo mwalimu mstaafu aliposoma silabi kwa silabi roho imeniuma.

Mchuuzi2: Sasa na wewe mleta uzi, ramani unayo, simu unayo, unamwuliza mtu? Ukikuza ramani kidogo tu unaona ule mstari wa reli unaishia mtoni.

Mleta uzi: @Mchuuzi2 nilimwuliza kwa sababu anajitangaza! Mtu akijitangaza mganga, mgonjwa hapimi dawa! Na hata kama nilikosea ramani, jibu ndiyo TEMBEENI?

Fundi wa Njia: Dada, sikiliza, hili lina historia. Reli ya Freiburg hadi Colmar ilikuwepo kweli, daraja la reli la Breisach lilikamilika 1878, wakati Alsace, lile jimbo la Colmar, iko chini ya Ujerumani. Lilivunjwa vitani, na tangu 1945 hakuna treni iliyovuka pale. Lililopo sasa ni la magari. Mkataba wa Aachen wa 2019 baina ya Ufaransa na Ujerumani umeitaja reli hiyo miongoni mwa ya kurudishwa, lakini mkataba haupandiwi. Kwa hiyo kwenye "daraja si lipo" jamaa kasema kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo imewaacha kwenye baridi.

Mleta uzi: Kumbe ANAJUA daraja ni la magari! Ndiyo maana akasema tembeeni! Afadhali angekuwa hajui!

Chachandu: Aliyeshauri Breisach kwa mtu wa treni hajawahi kuweka kambi popote. Strasbourg, huko huko Alsace. Mjadala umefungwa. Unaamka, nusu saa uko Colmar. Saa moja na dakika ishirini hivi uko Basel. Ukitaka Ujerumani hupandi hata treni, unachukua tramu D pale stesheni inakuvusha Rhine hadi Kehl, tangu 2017 inavuka.

Kisogo: Strasbourg nenda Desemba uone bei ya chumba. Lile soko lao la Krismasi lipo tangu 1570, na nadhani wenye hoteli wameanza kupandisha bei tangu 1570 hiyo hiyo.

Fundi wa Njia: Kama mfuko ni mwembamba, Offenburg, upande wa Ujerumani. Mji si mzuri wa kupiga picha, lakini njia ni nne: Karlsruhe kaskazini, Freiburg na Basel kusini, Strasbourg magharibi, na ile reli ya Msitu Mweusi kwenda Triberg hadi Konstanz. Iliyokamilika 1873 hiyo, chini ya mhandisi Robert Gerwig, vichuguu zaidi ya thelathini, reli inazunguka mlima kama nyoka anayejikuna. Mwenye kutembea kwa treni haangalii nchi zinakutana wapi, anaangalia reli zinakutana wapi.

Mwana wa Pwani: Na mwenye ile tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, iliyoanza Mei 2023 kwa yuro 49, Offenburg inamlipa. Ila asipande treni za kasi nayo, ni za mkoa tu.

Kisogo: Basi niwasimulie ya Basel, maana uzi wangu mliufuta. Huyo huyo bwana akaniambia "shuka Basel". Basel IPI? Nimeshuka stesheni ya kwanza iliyoandikwa Basel. Kumbe ni Badischer Bahnhof, stesheni ya reli za Ujerumani ndani ya ardhi ya Uswisi. Treni yangu ya Mulhouse, Ufaransa, iko Basel SBB, stesheni ya reli za Uswisi, upande wa pili wa mji, na ukifika SBB nako kuna pembe yake ya Wafaransa. Nakimbia na begi, magurudumu yake yamelia mpaka yakatoka. Nampigia simu ananijibu, "Basel ni Basel." BASEL NI BASEL!

Mleta uzi: Ndiye huyo! Ni sauti ile ile! Basel ni Basel, mto tu, tembeeni!

Chachandu: @Kisogo lakini ukilala hoteli ya Basel unapewa kadi ya mgeni, tramu za mjini bure. Na tramu zenyewe zinavuka mpaka, namba 8 inakwenda Weil am Rhein Ujerumani, namba 3 inakwenda Saint-Louis Ufaransa.

Kisogo: Tramu bure, sahani ya chipsi na kuku nusu ya mshahara wangu. Nilikula mikate ya Ujerumani siku nne, nikivuka mpaka kwa tramu kwenda kununua mkate kama mtoro.

Bi Mkarafuu: Mnavuka vuka hivyo, pasi za kusafiria mnabeba? Mimi nilikuwa nimelala Strasbourg, nikaenda Kehl kununua sabuni tu. Sabuni! Ujerumani imerudisha ukaguzi mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024. Askari kaingia, anataka pasi, pasi iko hotelini chini ya mto wa kulalia. Hizi habari za "Schengen hakuna mpaka" nani alizileta humu? Ni yule yule.

Karanga za Moto: Ni yule yule hahahaaa. Huyu mtu kagusa kila nyumba.

Mchuuzi2: Mnamwonea bwana wa watu. Mimi alinishauri Freiburg nikafurahi, Titisee nimekwenda na watoto, treni inapanda bonde mpaka ziwani.

Mleta uzi: Freiburg ndiyo ningekaa kama angeniambia! Ni nusu saa tu kutoka hapa! Kwa nini wewe akakwambia Freiburg na mimi akaniambia Breisach? Nilimkosea nini?

Nyuki Dume: Nyie wa Rhine afadhali. Mimi alinituma Luxembourg. "Usafiri bure nchi nzima, kalale Trier kwa bei nafuu, kila siku unaingia bure." Ni kweli bure, tangu Machi 2020. Lakini bure inaishia MPAKANI. Kipande cha Ujerumani unalipa, na Trier iko Ujerumani. Nimekaa dirishani natazama mizabibu ya mto Mosel, mkaguzi kanisimamia, sina tiketi, abiria wote wamegeuka. Faini ile ningelala Luxembourg mjini kwa raha zangu.

Mwana wa Pwani: Na behewa la daraja la kwanza Luxembourg si bure vilevile. Mpwa wangu kakaa huko kwa kuona viti vizuri, akashushwa kama gunia la mkaa.

Fundi wa Njia: Tukiwa kwenye Alsace, mmeona treni za kule hupita kulia? Ufaransa kwingine, ukiacha Moselle jirani yake, hupita kushoto. Ni urithi wa miaka ya Ujerumani, 1871 hadi 1918. Mpaka umehama, treni hazikuhama upande.

Chachandu: Hili nilikuwa silijui. Ndiyo maana mara zote nasimama jukwaa lisilo langu.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. TEMBEENI. Mama mkwe wangu kaambiwa TEMBEENI mbele ya watu mia mbili.

Bi Mkarafuu: Dada pole, kesho muwahi basi. Lakini hebu niwaulize, ni mimi peke yangu ninayetozwa choo stesheni? Yuro nzima! Nina sarafu za senti, mashine inazitema, na mimi nimejibana!

Kisogo: Usiniguse hapo. Choo ndiyo kilinikosesha treni Karlsruhe.

Mzee wa Taveta: Mnalia na Breisach, vita imewavunjia reli. Sisi Voi hadi Taveta na kuingia Tanganyika, Waingereza waliijenga KWA AJILI YA vita, vita ya kwanza ya dunia, na leo abiria hapandi treni kwenye njia hiyo. Mama wa Tanga huyo angepanda Voi ashukie kwao.

Nyuki Dume: @Bi Mkarafuu dawa ni kwenda choo cha ndani ya treni kabla hujashuka. Kikiwa kizima.

Bi Mkarafuu: KIKIWA KIZIMA. Mabehewa manne nilipita, yote yamebandikwa karatasi!

Karanga za Moto: Mimi nilibanwa Mulhouse na mashine inataka kadi tu, haitaki sarafu. Nikamwomba bibi mmoja wa Kifaransa kwa ishara za mikono.

Kisogo: Ishara gani hizo mkuu tueleze.

Mleta uzi: Mama kaamka, anasema kesho twende na hilo basi, hataki tena habari za huyo mtu. Lakini mimi nataka huyo bwana atuombe radhi mimi na mama, pale pale kwenye kundi alipoandika tembeeni.

Nyuki Dume: Kuna aliye Trier mwishoni mwa mwezi? Nina kitanda kimoja cha ziada, tugawane bei.

Bi Mkarafuu: Choo kiko ndani ya chumba au cha nje?