Nyumba ya kupangisha Malindi, maombi arubaini: naanzia wapi kuchuja?

Asalaam aleikum jamaa. Nyumba ya vyumba viwili, Muyeye, kodi 25,000 kwa mwezi. Tangazo lina siku nne na maombi yamefika arubaini. Dalali anasisitiza nimpe wa kwanza aliye tayari kulipa miezi sita kwa mkupuo. Mlio mbali na nyumba zenu mnachujaje wapangaji?
Doha

Waaleikum salaam ndugu yangu. Hiyo miezi sita isikuharakishe. Malindi, anayelipa nusu mwaka kuanzia Julai huenda anataka kuwalaza watalii kwa bei ya usiku. Muulize waziwazi, na mkataba ukataze kupangisha tena.

Funga maombi kwa tarehe moja, halafu watumie wote maswali yale yale: watalala watu wangapi, wanaingia lini, kazi gani na mkataba wake unaisha lini, kwa nini wanahama. Asiyejibu, mtoe. Vitambulisho usikusanye vya watu arubaini, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana kwa kila nakala unayoihifadhi. Waombe watatu wa mwisho tu.

Kipato ndicho cha kuangalia sana. Kodi isipite theluthi ya mshahara, kwa hiyo hapo utafute 75,000 hivi. Lakini mfanyakazi wa hoteli anayelipwa vizuri Agosti na Desemba anaweza kupumzishwa Aprili hadi Juni, hoteli zikikosa wageni. Taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu haitakuonyesha hilo; taka ya miezi kumi na miwili. Itakiwe faili lenyewe lenye nywila, si picha, kwani picha huhaririwa kirahisi. Namba ya mwajiri itafute mwenyewe. Uliyopewa na mwombaji huenda ni ya rafiki yake.

Na mwenye nyumba wa kuulizwa ni yule wa kabla ya huyu wa sasa. Wa sasa aweza kumsifu mwombaji ili amtoe! Muulize kodi ilikuwa ikiingia tarehe ngapi, bili ya maji iliachwa vipi, na kama angempokea tena.
Leicester

Naongezea kidogo, kaka. Jina la kitambulisho lilingane na linalotokea M-Pesa anapolipa. Amana ya mwezi mmoja ipokewe mkataba ukishatiwa saini, si kabla, la sivyo dalali atachukua za watu watatu kwa nyumba moja. Siku ya funguo zipigwe picha kuta, mabomba na mita za maji na umeme, namba zisomeke.

Ushuru pia: ile 7.5% iliyoanza Januari 2024 ni ya mwenye nyumba mkazi wa Kenya. Asiye mkazi hukatwa 30% ya kodi yote, gharama hazitolewi. Ipige hesabu kabla ya kupanga bei.

Wawili waliofuatia usiwakatalie mpaka funguo ziwe mkononi mwa mpangaji. Wengine uwajibu siku ile ile unayowatoa, wapate kutafuta kwingine.
Toronto