Tupeane uzoefu: bia ya kahawia ya bomba, ulionja wapi mara ya kwanza?

MwanaLubum: Bandugu, jambo yenu. Jana nilipita kwenye nganda (baa) moja pale Kampemba, hapa Lubumbashi, nikakuta bia inatoka kwa bomba, pipa la chuma liko chini ya meza. Kuna vijana wanaipika wenyewe, kidogo kidogo. Nikaomba ya kahawia. Ilikuja baridi kali, nikamaliza nusu glasi bila kusikia ladha, nikaona pesa imepotea. Nikaiacha, nikazungumza na jirani. Kurudi kwenye glasi, lo! Karanga za kukaanga, zile mama alizigeuza kwenye sufuria kavu, na uchungu wa kahawa ukifuata nyuma. Nyinyi mliionja wapi?

YayaWaKenya: Kweli kabisa. Ikija ya barafu, iache ipumue.

Damu_ya_Simba: Bia ya Tembo ni ya kahawia tangu tuko watoto, na inapikwa hapa hapa Lubumbashi. Mpya ni nini?

FundiKimea: Ndugu, rangi inatoka kwenye kimea (nafaka iliyooteshwa) kilichokaangwa tu. Tembo ni lager, hii ya bomba ni ale. Ale inachachushwa na hamira inayopenda joto, kama nyuzi 18 hadi 22, ndiyo maana unasikia harufu ya matunda. Lager inachachuka kwenye baridi, karibu nyuzi 10, polepole. Waingereza wana Newcastle Brown Ale tangu 1927. Simtukani mtu.

Damu_ya_Simba: Unatukana. Baba yangu aliinywa Tembo kila alipotoka mgodini, na alijua kuonja.

BintiKatuba: Muniache niseme yangu, imenirudia nikisoma. Siku mdogo wangu alipoenda kutoa mali, yaani mahari, rafiki yake alitupatia pipa la lita 20, bia ya kahawia. Oktoba, joto la kabla ya mvua kushika. Pipa lilibebwa kwa motari (pikipiki ya abiria) kutoka Ruashi hadi Katuba, mashimo yote. Umeme ulikatika saa nane, barafu ikayeyuka. Wakwe wameketi chini ya mwembe, baba mukubwa wa binti amevaa suti nyeupe, ndiye msemaji. Mdogo wangu akataka kumhudumia kwa mkono wake mwenyewe. Akafungua bomba: povu tupu, kwa nguvu, kifuani kwa mzee, mpaka kwenye tai. Hakuna aliyepumua. Mdogo wangu aliweka glasi chini, akaenda nyuma ya nyumba akalia. Mimi nilishika kitambaa na sikujua nimpanguse mzee au nimfuate ndugu yangu.

YayaWaKenya: Mungu wangu.

MwanaLubum: Sasa walikubali au hawakukubali?!

Papa_Bukari: Mlichokosa ni chakula. Bukari (ugali) kwanza, kisha pombe. Hasira ingekuwa ndogo.

FundiKimea: Pipa lililotikiswa lisifunguliwe siku hiyohiyo. Liache litulie usiku mzima kwenye baridi. Bia ikiwa ya moto haishiki gesi yake.

Motari_Bel_Air: Mie nilibeba mawili wiki iliyopita, tukafungua palepale, hakuna shida. Inamisha glasi tu.

FundiKimea: Ulikuwa na bahati. Na wewe uliyeendesha, usionje kabla ya kupaki.

Damu_ya_Simba: Chupa hailipuki kifuani kwa mkwe. Nasema tu.

MwanaLubum: BintiKatuba, rudi!

BintiKatuba: Nilikuwa nalaza watoto. Nyanya wa binti ndiye aliyeinuka. Alichovya kidole kwenye povu lililobaki mezani, akaonja, akasema: "Hii ina harufu ya munkoyo ya mama yangu, ile uji wake ulishika chini ya chungu." Munkoyo ni kile kinywaji chetu cha uji wa mahindi na mizizi. Akaomba masufuria. Tukamimina povu humo, tukangoja litulie, likawa bia. Haikuwa na gesi sana, lakini utamu wake sijaupata tena. Baba mukubwa alibadilisha shati, akarudi kuketi. Aliongeza mbuzi mmoja kwenye orodha ya mali.

Papa_Bukari: Mbuzi mmoja ni haki yake.

YayaWaKenya: Nyanya wetu wa Kamalondo alipika munkoyo hivyohivyo, mizizi aliitwanga asubuhi na uji ukawa mtamu bila sukari. Sikuwahi kufikiri bia inaweza kunirudisha pale.

MwanaLubum: Nganda ya Kampemba wanafungua pipa jipya Jumamosi. Nyanya bado yuko? Ningependa aonje.

BintiKatuba: Yuko. Nitamuuliza kesho.